Majivu ya Pasi

Sokoni palikuwa na mshonaji mmoja, mjane, aliyesifika kwa mambo mawili: mishono iliyonyooka kama rula, na ulimi usiochoka kuzitaja amri za Mungu. Alijaliwa binti mmoja tu. Tangu binti huyo alipokuwa akitambaa kati ya vipande vya vitambaa, mama alimfunza huku miguu yake ikikanyaga cherehani. Alimfunza wakifungua kibanda, wakila, na wakiwa njiani kurudi nyumbani.

"Mpende Mungu kwa moyo wako wote," mama alianza.

"Nisiibe, nisimsingizie jirani, nimheshimu mama yangu," mtoto aliitikia, hata kabla hajaweza kutamka vizuri herufi zote.

Majirani waliangua kicheko. "Mama, unalea mtoto au unafuga kasuku?"

Jina likamganda kama kupe. Hata alipomaliza shule na kuanza kushona kando ya mama yake, alibaki kuwa Kasuku.

"Waache wacheke," mama alimwambia. "Lakini wewe usikariri tu, mwanangu. Amri isiyoshuka moyoni ni kelele."

Aliyepakana nao alikuwa fundi viatu, mzee mkali kama pilipili, ambaye sigara haikumbanduka mdomoni. Watu walimwita Mzee Moshi. Hakuna aliyepatana naye, na mshonaji hakuwa tofauti: kutwa walirushiana maneno juu ya harufu ya gundi na kelele za cherehani.

Jioni moja yenye upepo, mama alikuwa mbioni kumaliza gauni la bibi harusi. Alipiga pasi ya mkaa, akalikunja gauni, akamwaga majivu nyuma ya vibanda na kuondoka haraka kulipeleka. Muda si muda, moto ukalipuka. Kibanda cha Mzee Moshi kiliteketea chote, naye akaungua mikono akijaribu kuokoa nyundo na kalibu zake za kutengenezea viatu.

Asubuhi soko zima lilifurika hasira.

"Moto umeanzia nyuma ya kibanda cha Mzee Moshi," mwenyekiti wa soko alisema. "Na mvuta sigara hapa ni nani kama si yeye? Aondoke kabla hajatuchoma sote!"

"Mimi nilishasema sigara zake zitatuponza!" mshonaji alidakia, akiamini kila neno alilolitamka.

Mzee Moshi alisimama mbele yao, mikono imefungwa bendeji.

Kasuku alizunguka nyuma. Palipoungua zaidi ni pale yalipokuwa maboksi matupu, na ndipo alipomwona mama yake akimwaga majivu jana yake. Akinyamaza, mzee angefukuzwa bila kosa. Akisema, angefukuzwa mama aliyemzaa. Alimshika mama mkono, akamvuta pembeni.

"Mama, nisamehe. Majivu ya pasi uliyamwaga kwenye maboksi. Nilikuona."

Mama alibadilika rangi. Aliutazama umati, akakitazama kibanda chake kilichowalisha tangu afiwe na mume.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mungu, mama."

"Na mimi nikinyamaza?"

Machozi yalimlengalenga binti. "Nitalia kwanza. Kisha nitasema mimi."

Mama alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akainua kichwa na kupasua katikati ya watu.

"Mwacheni mzee! Moto ni wangu. Ni majivu ya pasi yangu."

Soko zima likamgeukia.

"Nani amekuona?" mwenyekiti aliuliza.

"Binti yangu," mama alijibu, kifua mbele. "Huyo huyo Kasuku wenu!"

Waliokuja kumfukuza mtu wakakosa moyo wa kumfukuza aliyejitaja mwenyewe. Ilikubaliwa kwamba mshonaji ajenge upya kibanda alichokiunguza, na hadi kitakapokamilika, Mzee Moshi afanyie kazi ndani ya kibanda cha mshonaji. Mama akamwomba mzee radhi mbele ya wote.

"Nimekusingizia, jirani yangu."

"Ulikuwa hujui," Mzee Moshi alijibu, huku akimgeukia binti. "Nawe, mwanangu, miaka yote nilidhani unaimba tu. Kumbe ulikuwa unaota mizizi."

Basi nyundo na cherehani vikawa vinagombana chini ya paa moja, na wenyewe wanacheka. Akina mama waliokuwa wakimdhihaki mshonaji walianza kuja na watoto wao, wakitaka kujua alianzaje kumfunza binti yake.

Mmoja alimuuliza, "Dada, hukuona aibu kuumbuliwa na mtoto wako wa kumzaa?"

"Aibu ingekuwa kama angenyamaza," mama alisema, akitia uzi kwenye sindano huku uso ukimng'aa. "Siku ile mimi niliteleza, mafunzo yangu yakanishika mkono."

Hakika, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.