Bi Umaima na Josho la Wanawe

Inasimuliwa, wanangu, na waliosimulia walikuwa watu wa kuaminika, kwamba katika nchi ya Iraki ya zamani, kwenye mji mdogo kando ya mto Furati, aliishi mja mwema mmoja, mwanamke mjane, jina lake Bi Umaima. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake na watoto. Akiitwa juani atakwenda, akiitwa mvuani atakwenda. Na kila maiti alimsemesha kwa upole, "Geuka mama, geuka kidogo tu, tunakaribia kumaliza," utadhani anamwogesha mwanawe. Watu walimpenda kwa hilo. Bi Umaima akisema neno, mtaa mzima umelishika.

Mwenyezi Mungu alimjaalia wana wawili. Mkubwa Labidi, mtu wa taratibu, hasemi mpaka afikirie. Mdogo Suhaibu, huyo moto, akimwona mtu anaonewa hakai. Walikula sahani moja tangu utoto. Suhaibu alikuwa na mchezo wa kumwibia kaka yake tende mkononi, na Labidi akijifanya haoni, na mama yao akicheka mpaka anashika mbavu.

Basi ikaingia fitna, Mola atulinde nayo. Amiri wa nchi ile watu walishampa kiapo cha utii. Mpwa wake akasimama akasema, "Mjomba amedhulumu, amechukua nafaka za mayatima, kiapo chake kimeanguka." Amiri naye akasema, "Anayevunja kiapo anavunja dini." Huyu anasoma aya, na yule anasoma aya. Hawa wanaswali Alfajiri, na wale wanaswali Alfajiri, kisha wakishatoa salamu wananoa panga. Watu wa Amiri wakajifunga kitambaa cheupe mkononi, watu wa mpwa wakajifunga cheusi. Sokoni mtu akawa hauziwi hata chumvi mpaka atazamwe mkono.

Bi Umaima hakujua nani mwenye haki. Akiwaza kiapo, alimwona Amiri ndiye. Akiwakumbuka mayatima aliowaosha mwaka ule, mbavu zao zinahesabika, alimwona mpwa ndiye. Akaomba aonyeshwe, hakuonyeshwa. Na hilo la kutojua akaliona aibu, maana watu wote walikuwa wakimtazama yeye.

Labidi akamjia kwanza. Alimkuta anatwanga majani ya mkunazi ya kuoshea maiti.

"Mama, nimejifunga cheupe. Lakini siendi bila radhi zako. Ukisema kaa, nakaa."

Alikuwa anasema kweli, maana kwao kijana hakwenda vitani bila radhi za mzazi. Akinyimwa radhi alivua upanga akarudi nyumbani, wala hachekwi na mtu.

Bi Umaima akaendelea kutwanga. Neno "sijui" lilimfika ulimini. Akaona, mama mzima kama mimi, mwosha maiti, nimwambie mwanangu sijui? Akasema, "Nenda na radhi zangu, mwanangu."

Labidi akambusu mkono. Kabla mchi haujapoa, Suhaibu huyo, anahema, kitambaa cheusi kishafungwa.

"Mama, usinikasirikie."

"Nikukasirikie nini?"

"Kaka amepita huku? Amekwambia nini?"

"Amekuja kuomba radhi."

"Basi na mimi naomba. Usiponipa, nakivua hiki kitambaa sasa hivi, nakwenda kulisha mbuzi."

Alisema hivyo akicheka, lakini macho yake hayakucheka. Bi Umaima akawaza, nikimnyima huyu nimemwambia kaka yake ndiye mwenye haki. Na mama anampaje mmoja akamnyima mwingine? Akasema, "Nenda na radhi zangu." Akajidanganya moyoni kwamba amefanya uadilifu.

Habari zikaenea, na kila mtu akabeba kipande alichokipenda. Jirani wa Bi Umaima ukuta kwa ukuta, Bi Haula, alikuwa na mtoto mmoja tu, Jabiri, kijana mwenye kigugumizi asiyeweza hata kuchinja kuku. Bi Haula akamwambia, "Bi Umaima amempa Labidi radhi kwenda na Amiri. Mwanamke yule hakosei. Nenda na wewe, uko kwenye haki." Jabiri akajifunga cheupe akaenda. Bi Umaima alimwona akipita. Alimwitikia salamu, akanyamaza.

Wakakutana kwenye mitende nje ya mji, wakapigana mpaka jua likazama. Watu wa Amiri wakashinda. Lakini ushindi gani huo, wanangu, wakati kila mlango una kilio?

Asubuhi Labidi na Suhaibu wakaletwa uani kwa mama yao juu ya mlango mmoja uliong'olewa, wamelazwa bega kwa bega. Labidi alikuwa na mshale shingoni. Suhaibu alikuwa amepasuliwa kwa upanga. Kama walikutana kule mitendeni hakuna aliyejua, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Bi Umaima hakupiga kelele. Alisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akakaa chini katikati yao, huku mkono na huku mkono.

Likapita tangazo la Mirdasi, jemadari wa Amiri. Waliojifunga cheupe ni mashahidi. Na mnajua shahidi haoshwi, huzikwa na nguo zake na damu yake, ije imshuhudie Siku ya Kiyama. Waliojifunga cheusi ni waasi. Hao, anayetaka kuwaosha awaoshe. Basi mji mzima ukawa unatazama nyumba kwa nyumba. Anayeoshwa, mamaye amekubali kwamba alikufa kwenye batili. Asiyeoshwa, mamaye anafutwa machozi na kuitwa mama wa shahidi.

Waoshaji wa kiume walikwenda vitani wote, wala hakurudi hata mmoja. Bi Umaima akasimama mwenyewe. Akachemsha maji, akatia mkunazi, akachimba shimo chini ya kitanda cha kuoshea, maji yapate kwenda. Akamlaza Suhaibu akamwosha. Watu ukutani wakatikisa vichwa, wakasema, masikini, amekubali. Kisha akamlaza Labidi. Akakifungua kile kitambaa cheupe.

Bi Haula akaingia mbio, mtandio umemtoka.

"Dada! Dada unafanya nini? Labidi huyo! Labidi haoshwi!"

Bi Umaima akamimina maji.

"Jabiri wangu nimemzika na damu yake. Nimeambiwa nisilie, nikazuia machozi. Ukimwosha Labidi, Jabiri wangu umemfanya nani?"

"Sijui, Haula."

"Hujui? Ulimpa Labidi radhi zako!"

"Nilimpa. Na Suhaibu nilimpa."

Bi Haula akasimama kama aliyepigwa kofi. "Wote wawili?"

"Wote wawili. Sikujua nani mwenye haki, nikaona haya kusema. Ningesema sijui, wangekaa. Labidi alisema angekaa. Suhaibu alisema angekwenda kulisha mbuzi."

"Na Jabiri wangu?"

Bi Haula akateremka chini taratibu, akakaa kwenye matope ya maji ya josho, akasema kwa sauti ndogo, "Alikwenda kwa neno lako. Mtoto hata kuku hachinji." Kisha akanyanyuka. Akasema, "Mungu asikupe kauli thabiti ukiulizwa kaburini, kama ulivyoninyima mimi." Akatoka.

Lo, maneno hayo! Bi Umaima alikuwa amefika kwenye mkono wa Labidi, ule uliokuwa ukiibiwa tende. Akauosha, akaurudia, akaurudia tena.

Mirdasi akaja mwenyewe, kwa kuwa habari zilimfika. Alikuwa mtu mwenye adabu, alivua viatu mlangoni.

"Mama, pole kwa msiba. Lakini umenitia taabuni. Watu wanakusikiliza wewe kuliko mimi. Acha josho. Sema Labidi shahidi na Suhaibu muasi, nami nitawazika wote wawili makaburini kwa heshima. Neno moja tu."

"Neno moja ndilo lililowaua, jemadari."

"Kwani wewe huoni nani mwenye haki?"

"Sijaona. Josho ni faradhi, mwanangu, na siwezi kuliacha kwa kudhania. Anayejua ni Mola wao."

Mirdasi akatazama lile shimo chini ya kitanda. Maji yalikuwa mekundu. Akakunja uso. "Umechanganya damu ya haki na damu ya batili kwenye shimo moja!"

Bi Umaima akachukua kata, akampa mkononi. "Basi chota wewe. Nichotee ya haki, uniwekee kando."

Yule bwana alibaki ameshika kata. Kisha akaiweka chini polepole, akavaa viatu vyake, akaenda. Hakumpiga wala hakumtukana. Lakini makaburini hawakuzikwa. Bi Umaima aliwazika nyuma ya nyumba, chini ya mkunazi wake, na waliomsaidia kubeba walikuwa vizee wawili walioogopa kutazamana.

Msidhani kisa kinageuka hapa. Hakikugeuka. Baadaye mpwa alirudi na jeshi akautwaa mji, na watu wake nao wakaja kumzomea: kwa nini alimwosha Suhaibu, shahidi wao? Wakaukata ule mkunazi. Na mpwa akachukua nafaka za mayatima vilevile. Hakuna aliyemwita tena Bi Umaima kuosha maiti. Akina mama wa mashahidi wa huku walimpita, na akina mama wa mashahidi wa kule walimpita. Alikaa mlangoni na mchi wake hautwangi kitu. Akiulizwa na wapita njia wanawe walikuwa upande gani, alijibu, "Upande wa mama yao, na mama yao hakusema." Katika swala zake alikuwa hana dua ndefu. Alisujudu akasema, "Ya Rabbi, wewe unajua, mimi sijui," akabaki palepale kwenye sijida mpaka goti likafa ganzi.

Alipofariki, mlango ulikaa umefungwa na maiti ndani. Kila mmoja alimngoja mwenzake. Mwishowe akaja Bi Haula, kazeeka, mgongo umepinda, kabeba majani ya mkunazi aliyoyatoa mbali. Hakusema amemsamehe. Alichemsha maji, akalifukua lile shimo la zamani, akaanza josho. Waliokuwa nje walimsikia akisema, "Geuka dada. Geuka kidogo tu."

Basi wanangu, mkisikia watu wanaulizana nani mwenye haki, na Mola hajakuonyesheni, semeni hamjui. Semeni mapema, mtoto akiwa bado amesimama mlangoni. Bi Umaima aliisema kweli, Mola amrehemu, na kwa hiyo tunamhesabu katika waja wema. Lakini aliisema juu ya maji ya josho, na wa kumsikia walikuwa wameshalala. Mola awarehemu Labidi na Suhaibu na Jabiri. Awapambanue Yeye, sisi hatuwezi.