Digidigi na Kompyuta Iliyotangazwa Kufa

Hapo zamani za kale, wanangu, lakini si kale sana, maana kompyuta zilikuwapo na tayari zilikuwa kuukuu, wanyama wa bonde la Mikwaju walikuwa na baraza lao, zahanati yao, na jua la kumwaga. Kilichokuwa haba ni umeme. Baraza lilikuwa na paneli zake za sola, pana kama mlango wa zizi. Zahanati ilikuwa na zake pia, ndogo, na betri moja iliyozeeka.

Zahanati hiyo ilikuwa mikononi mwa muuguzi, Bi Digidigi. Mnamjua digidigi alivyo: mwili mdogo, miguu kama vijiti, na chini ya kila jicho ana alama nyeusi, utadhani ametoka kulia sasa hivi. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza analia nini.

Masika yaliyopita alilia kweli, na bado hawakumuuliza. Kompyuta ya zamani ya zahanati ilikuwa na njaa ya umeme isiyoshibishika. Siku za mawingu zilipofuatana, ikainyonya betri hadi friji likazimika, chanjo zote zikaharibika. Surua ilipopita bondeni haikukuta kizuizi. Ilichukua watoto wa kila ukoo, na wa Bi Digidigi alikuwa mmoja wao.

Aliibeba kompyuta ile mwenyewe akaitupa nyuma ya choo. Lakini bohari ya dawa ilikuwa na sheria zake: zahanati isiyo na kompyuta haipewi chanjo. Walipoulizwa kama zahanati isiyo na umeme inapewa, walijibu kwamba swali hilo ni la idara nyingine.

Basi ikawa hivyo: bila kompyuta, hakuna chanjo, na kompyuta yenye njaa ikirudi, chanjo zitaoza tena.

Siku moja msaada ukafika. Kompyuta mbili, zote za zamani, zote za bei ya chini, za miaka ile ambayo hakuna tena anayejisifu nayo. Moja ya baraza, moja ya zahanati. Ipi ya nani, hawakusema. Fundi Kima, aliyezileta, alizishusha mgongoni mwa punda, na Bi Digidigi akamuuliza jambo moja tu: ipi inakula umeme kidogo?

Kima alimweleza kwamba ndani ya kila kompyuta mna prosesa, ndiyo ubongo wake, na ndani ya prosesa mna viini, na kila kiini ni kama mfanyakazi mmoja.

"Hii ina viini viwili, Sista, na vyote ni mbio tupu," alisema. "Ipe kazi moja, hutaamini macho yako. Ipe kazi nne, itatweta. Na umeme inakunywa kama huyu punda wangu alivyofika hapa. Hii nyingine ina viini vinne. Inakwenda mdogo mdogo, lakini inabeba mengi kwa pamoja, na umeme inaonja tu."

Bi Digidigi alifikiria betri yake.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Kifaru, ambaye haoni mbali, na mambo mengi ya nchi aliyapima kwa masikio. Katibu wake alikuwa Ngiri. Waliposomewa kwamba moja ina viini viwili na nyingine vinne, Kifaru hakuhitaji muda.

"Vinne ni zaidi ya viwili," alisema. "Mmewahi kumwona mwenyekiti wa miguu miwili? Baraza litachukua ya viini vinne."

Wakapiga makofi. Moyo wa Bi Digidigi ulishuka hadi kwenye kwato. Akataka kusema, akajizuia. Kila alichowahi kukiomba mbele ya baraza lile kiliishia barazani. Kitanda cha kina mama kujifungulia kilikuwa sasa cha wageni wa heshima. Mizani ya watoto wachanga ilipima mihogo ya Ngiri. Kuomba, katika bonde lile, ilikuwa njia ya kukosa.

Akasimama taratibu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, ahsante sana. Sisi tutaichukua ile ya viini viwili. Kama hamtajali, niondoke nayo sasa hivi, kabla ya mashindano."

Ngiri aliinua pua. "Kabla ya nini?"

"Ya nini kuwachosha, mheshimiwa, na jua lote hili."

Sasa, wanangu, katika bonde la Mikwaju hakikupokewa kitu cha umma bila kushindanishwa uwanjani. Ilikuwa desturi. Hata mafagio mawili yaliwahi kufagilishwa uwanja mzima siku ile ile yalipoletwa. Na huyu muuguzi anataka kukwepa? Ngiri akamnong'oneza Kifaru, Kifaru akakoroma, na kompyuta zikawekwa juu ya meza mbele ya umma.

Kazi ya kushindania alipanga Katibu mwenyewe: kuandika barua moja na kuichapisha, basi. Kazi ya baraza ilikuwa barua, tena moja kwa wakati. Ya pili haikuanza mpaka ya kwanza igongwe muhuri na kunywewa chai. Kuhusu kazi ya zahanati, yaani uzito wa mtoto, joto la friji, hesabu ya dawa na foleni ya kina mama, vyote kwa mpigo, hakuna aliyeuliza, na Bi Digidigi hakukumbusha.

Kima akaziwasha. Ile ya viini vinne ikawaka kimya. Ile ya viini viwili ikafanya vuuuuu! Feni yake ilipuliza vumbi mpaka safu ya pili ya wazee. Barua ikatoka, kraaa, imekwisha. Mwenzake alikuwa bado anajikusanya.

Masikio ya Kifaru yaligeuka yenyewe.

"Inayounguruma ni ipi?"

"Ni hiyo ya viini viwili, mheshimiwa."

"Nguvu ninazisikia," alisema Kifaru. "Hiyo ni ya baraza."

Bi Digidigi alipiga magoti mavumbini. Akasema kwamba zahanati ni maskini, kwamba wamwachie hiyo hiyo, tafadhali. Alama zake za machozi ziling'aa juani. Ngiri alimjibu kwa upole wa kiofisi kwamba ombi lake limesikika. Bi Digidigi akaondoka na ile ya kimya, kichwa chini, ili wasiuone uso wake.

Chanjo zikaja. Friji likabaki baridi, iwe mawingu, iwe jua.

Huko barazani betri ilikwisha kila adhuhuri. Baraza likatangaza saa mpya za kazi, mwisho adhuhuri, kwa manufaa ya wananchi.

Miezi ikapita, surua ikasikika tena ng'ambo ya mto, na Ngiri akaja zahanati na mwanawe mchanga kifuani. Foleni ilikuwa ndefu lakini ilitembea. Alipofika mezani akaona kioo cha kompyuta: uzito, joto, dawa, majina, vyote wazi kwa pamoja. Macho yake yakawa membamba.

"Muuguzi. Hii inafanya mambo manne kwa wakati mmoja."

Bi Digidigi alijua anachowaza. Kompyuta hii ikienda barazani, ile yenye njaa itakuja hapa. Alitazama friji, kisha mtoto.

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema kwa huzuni. "Iguse."

Ngiri akaweka pua. "Baridi."

"Ya kwenu je?"

"Ya kwetu ni moto. Chai tunapashia juu yake. Na inavyonguruma, unaisikia mtoni."

"Hii tangu ije haijanguruma hata siku moja. Mimi ni muuguzi, nawajua wanaokata roho. Mwili baridi, sauti hamna, na inataja mambo manne mara moja kama mgonjwa anayeweweseka. Mheshimiwa, kama mngenibadilishia..."

Ngiri alirudi nyuma hatua nzima. Akasema suala la kubadilishana vifaa halimo katika utaratibu.

"Ombi langu limesikika?" aliuliza Bi Digidigi.

"Limesikika."

Ndipo akafungua friji, akatoa chanjo, ikiwa baridi kama inavyotakiwa, akamchoma mtoto wa Ngiri. Wiii! alilia mtoto, mara moja tu, akanyamaza. Bi Digidigi alimshika kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akamrudisha kwa baba yake.

Juma lile Katibu alitangaza barazani kwamba kompyuta ya zahanati imekufa, isiombwe na mtu wala kuhamishwa. Kisheria ingali maiti hadi leo, na kila asubuhi inafanya kazi.

Hadithi nimeifikisha nilikoipeleka, wanangu, nanyi mbebe hili: kabla ya kuuliza kipi ni bora, uliza ni cha kazi gani.