Zimwi Lisilonawa

Paukwa!

Pakawa!

Birika?

La kunawia.

Mkeka?

Wa wageni.

Na mwenye kinyaa?

Azibe pua, asikilize.

Basi, hapo zamani, wala si zamani sana maana mahema ya turubai yalikwisha kuwapo, palikuwa na mwanamke wa Tanga aitwaye Mwantumu. Mwantumu alikuwa na kinyaa. Kikombe alichokinywea mtu mwingine hakigusi mpaka akisugue kwa majivu. Akiona unywele kwenye mchuzi, anamwaga chungu kizima. Mtaani walimwita Bi Kinyaa, naye alijua na hakujali.

Mumewe, Mbwana, yeye ugonjwa wake ulikuwa adabu. Mnaijua desturi yetu. Mtu akipita wakati mnakula, unamwambia, "Karibu." Naye anajibu, "Asanteni, endeleeni," anakwenda zake. Chakula kinabaki chenu na adabu imetimia. Basi Mbwana alikaribisha kila kilichopita. Alikaribisha majirani, alikaribisha wasiojulikana, na kuna mchana alisikia kwato nyuma yake akamkaribisha mbuzi.

Siku moja joto la mjini lilizidi. Mbwana akasema, "Mke wangu, twende tukapige kambi mlimani, kule kwenye msitu wa hifadhi, kando ya kijito. Kuna baridi, kuna ndege, kuna maji yanayopita."

Mwantumu akauliza, "Na choo?"

Mbwana akajifanya hakusikia.

Wakapanda mlima na mtoto wao Zena, kichanga ambaye hata kukaa alikuwa hajaanza. Getini walimkuta mlinzi wa msitu, mzee wa Kishambaa aitwaye Shekiondo. Akawaambia, "Hema pigeni mnapotaka. Moto uzimeni kabla ya kulala. Na mkila kando ya kijito, mkasikia mtu anapita msiyemwona, msiseme karibu."

"Hata kwa adabu tu, mzee?" Mbwana akauliza.

"Hasa kwa adabu," mzee akajibu.

Basi wakapiga hema. Mwantumu alifagia majani, akafagia tena, akaona ruba kwenye jiwe na mwili wote ukamsisimka. Lakini kuku alipikwa, ugali ukasongwa, na jua lilikuwa bado liko juu ya miti walipotandika mkeka. Zena wakamlaza pembeni ya mkeka, wakamfunika khanga. Wakanawa, wakaanza kula.

Mara, huko kwenye matete, wakasikia: chwapu, chwapu, chwapu.

Mwantumu akamtazama mumewe. Mbwana alikuwa na tonge mdomoni, na kabla hajalimeza, ulimi ulikwisha kimbia. "Karibu," akasema.

Kule kwenye matete hakuna aliyejibu asanteni. Sauti nzito ilijibu, "Nimekaribia."

Likatoka zimwi.

Wajukuu zangu, nawaambia lilivyokuwa, na anayetaka kutapika aende nje. Nywele zake zilikuwa kamba za uchafu wa kijani. Macho yalijaa tongotongo. Kamasi zilishuka mpaka kidevuni na ulimi ukazifuata. Ruba walining'inia masikioni, na chini ya kucha yalioza mabaki ya samaki wa mwaka gani sijui. Lilinuka panya aliyefia nyuma ya kabati.

Likaketi mkekani, paa. Likatumbukiza mkono wote kwenye mchuzi, mpaka kiwiko. Likala kuku, likanyonya mfupa, likaurudisha bakulini. Likasema, "Tamu. Sijashiba."

Likala ugali wote, na mate yakichuruzika kama mlenda juu ya sinia. Likasema, "Tamu. Sijashiba."

Likala unga mbichi, likala na chumvi na karatasi yake, likacheua, na kilichocheuliwa likakitafuna upya. Likasema, "Tamu. Sijashiba."

Mwantumu alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa nguo.

Zimwi likanyoosha kidole. "Na hicho kilichofunikwa khanga?"

Mbwana akasema, "Huyo ni mtoto. Si chakula."

"Yuko mkekani," zimwi likasema. "Hukuniambia karibu ugali. Hukuniambia karibu kuku. Uliniambia karibu tu. Basi kilichoko mkekani ni changu."

Mbwana akarukia panga, akalipiga zimwi begani kwa nguvu zake zote. Panga likateleza juu ya ule utelezi, likamponyoka na kutumbukia majini. Akapiga kwa gogo, gogo likateleza. Akajitupa mwenyewe, akateleza, akaangukia matope. Zimwi halikugeuka hata kumtazama. Mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye khanga, taratibu, huku ukidondosha ute wa manjano juu ya mkeka.

Mwantumu aliutazama mkono ule. Alikuwa na hofu, naam. Lakini kinyaa kilimpanda kikaipita hofu.

"Mkono huo?" akasema. "Mwanangu humgusi kwa mkono huo."

"Nimekaribishwa."

"Umekaribishwa, sikatai. Lakini mgeni hunawishwa, na wewe hujanawa."

Zimwi likasita. "Nimeshaanza kula."

"Hilo ni kosa letu wenyeji. Tumekuacha ukala bila maji, na ni aibu kubwa kwetu. Sasa tunakunawisha. Au hutaki? Maana asiyetaka kunawa si mgeni, na kama si mgeni, ile karibu haikuwa yako."

Zimwi likajikuna, ruba mmoja akaanguka. Lilikuwa limeishikilia desturi ili lipate kula, na sasa desturi ilikuwa imelishika lenyewe. Likanung'unika, likanyoosha mkono.

Basi Mwantumu akaleta birika, bakuli la kunawia, kipande cha sabuni na dodoki. Yule aliyekuwa hagusi kikombe cha jirani aliushika mkono wa zimwi. Ulikuwa wa baridi na laini, na kitu kilikuwa kikitembea chini ya ule ute. Akatapika pembeni, akafuta mdomo begani, akaurudia.

Akamimina, akasugua. Ute ukatoka kwa mikanda, ukajaa bakuli. Akauliza, "Umetakata?"

"Nimetakata," likasema zimwi.

"Bado," akasema Mwantumu.

Akamimina, akasugua. Zikatoka kucha, yakatoka magamba, yakatoka manyoya yaliyogandamana. Alitafuta ngozi chini yake asiione, kulikuwa na uchafu mwingine tu. Na mkono ulikuwa umekwisha kuwa mwembamba kama mwiko. "Umetakata?"

"Nimetakata," zimwi likasema, na sauti ilikuwa imepungua.

"Bado."

Mbwana akatoka matopeni mbio, akawa anachota maji na kumjazia birika. Mwantumu akasugua kiwiko, kiwiko kikaisha. Akasugua bega, bega likaisha. Akasugua shingo na masikio na nyuma ya masikio, pale mnapopasahau nyinyi nyote. "Umetakata?"

Hakuna aliyejibu. Zimwi lilikuwa uchafu mtupu tangu juu hadi chini, na uchafu wote sasa ulikuwa bakulini, ukitoa mapovu.

"Tumwage kijitoni, upesi," Mbwana akasema.

"Watu wa chini wanakunywa maji haya," Mwantumu akasema. Akalibeba bakuli mwenyewe, akaligeuzia motoni. Moto ukalia shwaaa, ikapanda harufu ambayo siwezi kuisema huku bado nina hamu ya kula. Halafu kukatulia.

Mwantumu akaenda kunawa. Alisugua mikono kwa sabuni, akanusa. Inanuka. Akasugua kwa majivu, akanusa. Inanuka. Akasugua kwa mchanga mpaka ngozi ikachubuka, akanusa. Inanuka vilevile.

Hapo Zena akaamka, akalia kwa njaa. Mbwana naye alikuwa matope kuanzia kichwani hadi miguuni, hawezi kumshika. Mwantumu akaitazama mikono yake. Mtoto akalia zaidi.

Basi Bi Kinyaa akamchukua mwanawe hivyo hivyo, kwa mikono ile ile, akamweka kifuani. Zena akanyonya. Hakunusa kitu, alimtambua mama yake tu.

Hadithi yangu imeishia hapo, aliyeipenda aichukue na asiyeipenda aniachie mwenyewe. Ninachowaambia ni hiki: msiseme neno la adabu bila kujua mnamwambia nani. Na mtu akija na desturi yenu mkononi ili awadhuru, mdaini aitimize yote, si ile nusu inayompendeza.

Haya, mikono. Birika liko mlangoni.