Ekzosi ya Bwana Mwinjaka

Zuwena, fundi wa ekzosi, alikuwa na kichanga kilichoshtuka usingizini kwa kila mngurumo. Mwenye kibanda alichopanga, tajiri Mwinjaka, akaja na pikapu.

"Nifungie bomba la inchi nne, nikipita mtaa utetemeke!"

"Injini hii inatoshwa na mbili na nusu, baba, na mtoto wangu…"

"Mzibe masikio, au hama!"

"Basi nakufungia la inchi tano, mlio usiofanana na wa gari lolote hapa mjini."

Mwinjaka akaondoka akinguruma. Siku ya tatu alirudi jicho limevimba.

"Toa hili bomba! Mke wangu kaufuata mlio mpaka kwa mchepuko wangu!"

"Polepole, baba, mtoto kalala," alisema Zuwena, akichukua spana.

Nyuma ya pazia, aliyembembeleza mtoto alikuwa mke wa Mwinjaka, ambaye Zuwena alimwita siku ile ile ya kwanza aje ausikilize mlio.