Muadhini Aliyelitangulia Jua

Imepokewa kutoka kwa wasimulizi wa zamani, Mola awarehemu, kwamba palikuwa na mji mmoja bondeni katika nchi ya Yemen. Jina la mji huo aliyenisimulia alilisahau, nami nikilitunga nitakuwa nimeanza kisa cha ukweli kwa uongo, jambo ambalo kwa leo nimeamua kulikwepa. Mlima wa magharibi ulikuwa karibu sana na mji, hata jua likajificha nyuma yake mapema, na watu wakabaki kivulini kitambo kirefu kabla halijazama kikweli. Hakuna aliyeweza kuujua wakati wa Magharibi kwa macho yake mwenyewe, ila mtu mmoja.

Mtu huyo ni Wahbi bin Marzuku, muadhini wa msikiti wa Ijumaa. Kila jioni alipanda vidaraja sitini na kimoja vya mnara, akalikodolea macho jabali jeupe lililo juu ya mlima wa mashariki, lisiloonekana ila kutoka kileleni mwa mnara. Mwanga wa mwisho ukiondoka jabalini, aliadhini. Na kwa siku za mawingu, Kadhi Abu Yaala, aliyekuwa imamu wa msikiti na ndiye aliyempa kazi, alimwekea sharti: "Ukidhani mwanga umeondoka, soma kwanza Yasini mpaka mwisho, kwa utulivu. Tazama tena. Ndipo uadhini."

Wahbi alilishika sharti hilo miaka ishirini na miwili. Kazi ilikuwa ya baba yake kabla yake, na nyumba aliyokaa na mkewe, Bi Rudeina, ilikuwa nyumba ya wakfu, ya muadhini. Anayeacha kuadhini hufunga virago.

Basi Ramadhani moja, siku ya kumi na tisa, mawingu yaliufunika mji na joto likawa la tanuri. Wahbi alipanda mnara, koo limemkauka. Jabali likageuka kijivu. Akaanza Yasini. Hajafika hata nusu, harufu ya harisi, ile ngano iliyopondwa na nyama, ikapanda kutoka majikoni pamoja na samli yake. Msimcheke. Mimi nimefunga katika miji mingi, bara na visiwani, na ninajua kwamba baada ya alasiri pua ya mfungaji hupata nguvu ambazo hata paka wa sokoni hakupewa.

Wahbi akajiambia, "Limezama hili. Haliwezi kuwa halijazama." Akaiacha Yasini katikati, akaweka mikono masikioni, akaadhini kwa sauti yake ile nzuri. Mji mzima ukasema Bismillahi.

Aliposhusha mikono, mawingu yakapasuka. Jabali jeupe likawaka rangi ya dhahabu kutoka juu mpaka chini. Jua lilikuwa lingali juu ya ardhi, na watu wanakula.

Alianza kushuka. Katika daraja la kwanza alisema, "Hakuna aliyeona." Katika la kumi, "Ni bahati mbaya tu, na Mola ni Msamehevu." Katika la thelathini aliikumbuka nyumba. Katika la hamsini alikuwa amekwisha amua kunyamaza, na uamuzi ule ulimtulia vizuri kabisa, kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Lakini ilikuwa desturi ya mji ule kwamba muadhini hufungua wa mwisho, kwa kuwa yeye anaadhini wakati wenzake wanakula. Bi Rudeina alimngoja mlangoni mwa mnara na tende tatu sahanini na kata ya maji, naye hakula kamwe kabla ya mumewe.

"Karibu, Baba Nuha. Leo umeadhini vizuri, umewaliza watu."

Wahbi akachukua tende moja. Akaishika. Akaitazama.

"Mbona huli? Jino tena?"

"Si jino."

"Ni nini basi?"

"Jua."

Bi Rudeina akatazama juu, akaona mlima mtupu na kivuli. Kisha akautazama uso wa mumewe, akaona yaliyobaki. Akairudisha tende yake katika sahani.

"Yasini?" akauliza.

"Sikuimaliza."

"Na sasa unakwenda kukimu swala, wasali kabla ya wakati?"

"Mama Nuha, nikisema, tumeondoka. Miaka ishirini na miwili! Watanicheka mpaka watoto wa watoto wao. Na nyumba je? Utalala wapi?"

"Nitalala utakapolala wewe," akasema. "Nyumba hunitishi nayo, paa lake lenyewe linavuja. Lakini ukikimu sasa hivi, kesho utapanda tena huko juu na kuniambia jua limezama. Mimi mkeo nitajuaje?"

Wahbi akaingia msikitini na tende mkononi.

Watu walikuwa wamesimama safu, wengine wanapangusa midomo. Kadhi Abu Yaala alikuwa mbele, mgongo kwa watu. "Kimu, Wahbi," akasema.

Wahbi akapita kati ya safu, asikimu.

"Kimu, bwana, harisi inapoa!" akasema Hanashi mwokaji mikate, aliyekuwa bado anatafuna. Watu wakacheka.

"Maulana," Wahbi akasema, na ile sauti nzuri ikawa nyembamba kama uzi. "Jua halijazama. Niliadhini kabla ya wakati. Uliniamuru nisome Yasini, nami niliikata katikati kwa sababu ya njaa. Hakuna mawingu ya kulaumu. Ni mimi."

Hanashi alibaki na mkate shavuni, hajui ameze au ateme. Alipojua la kufanya, akautema, akapata na mdomo wa kusemea. "Mama yangu ni ajuza! Umefungulisha mji mzima mchana! Atafunga tena siku nzima kwa ajili ya pua yako? Mwondoe, Kadhi! Mwondoe leo hii!"

Wengine wakaitikia. Kadhi akageuka polepole.

"Nani alikuona, Wahbi?"

"Katika viumbe, hakuna."

"Na ulipokuwa unashuka, ulikusudia kuniambia?"

Hapo angeweza kujipamba kidogo, nani angemkosoa? Akasema, "La, Maulana. Nilikusudia kunyamaza. Mpaka chini kabisa."

Kadhi akainamisha kichwa, akasema, "Na mimi niliposikia adhana niliona imekuja mapema. Moyo uliniambia nitume mtu aulize. Tende ilikuwa tayari mdomoni." Akawageukia watu. "Mnaniambia nimwondoe. Nikimwondoa kwa kuwa amesema, yule nitakayemweka kesho atajifunza nini? Atajifunza kunyamaza. Nanyi mtafungua na kusali kwa saa yake, msijue kitu maisha yenu yote."



"Lakini kosa ni kosa," akaendelea. "Panda, Wahbi, uwatangazie waache kula. Soma Yasini yote. Utazame, uadhini upya. Na kesho utapita nyumba kwa nyumba, uwaambie kwa kinywa chako kwamba siku ya leo italipwa baada ya Idi, na kwa nini."

Wahbi akavipanda tena vile vidaraja sitini na kimoja, tumbo tupu. Na kesho yake akapita nyumba zote. Wako waliomfungia mlango usoni. Wako waliomtolea maneno nisiyoweza kuyaandika katika kitabu cha heri. Alipofika kwa mama yake Hanashi, bibi yule alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Nenda zako, mwanangu. Ile harufu hata mimi niliisikia."

Siku ya nane ya Shawali mji ukafunga kulipa. Wahbi na Bi Rudeina hawakuwa na deni, kwa kuwa katika watu wazima wenye afya wa mji ule ni wao wawili tu ambao hawakuonja kitu siku ile kabla jua halijazama. Walifunga pamoja na wengine.

Jioni hiyo mbingu ilikuwa nyeupe pe, hakuna hata utepe wa wingu. Mwanga ukaondoka jabalini, na Wahbi akaanza Yasini vilevile. Chini watu walingoja. Mtu aliyekaa karibu na Hanashi akamgusa bega, akamwambia, "Kula, bwana, limezama hili, kwani huoni giza?"

Hanashi aliishika tende yake karibu na mdomo. "Wahbi hajasema," akajibu.

Ndugu zangu, mimi nimetumikia wakubwa wengi katika miji mingi, na makosa yangu niliyaeleza kwa ufasaha mkubwa, kila moja likiwa na mwenyewe na mwenyewe si mimi. Sikumbuki hata mmoja wao aliyewahi kuizuia tende yake kwa ajili ya neno langu. Kila mmoja wetu ana vidaraja vyake vya kushuka kabla ya kufika mbele ya mkubwa wake. Mola atujaalie tufike chini na tende ikiwa bado mkononi, na pale chini tumkute wa kutuuliza mbona hatuli.