Pimbi na Mabingwa wa Dhahabu

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na milango yao na majirani wa kuichungulia, Bi Pimbi aliishi na watoto wake wanne ndani ya ufa wa mwamba mkubwa. Ufa ule ndio chumba, ndio jiko, ndio baraza. Chui hakuweza kupenya humo hata akikonda mwaka mzima. Na Bi Pimbi hakuwa na nyumba nyingine.

Sasa, mwamba ule ulikuwa na kasoro moja: jua likiupiga, unametameta.

Asubuhi moja, kong'o! kong'o! Vumbi likamwagikia uji wa watoto. Bi Pimbi akatoa kichwa nje. Nani hao? Tembo, kashika sururu kwa mkonga wake, tochi ya wachimbaji kaivaa kichwani mchana kweupe. Pembeni yake Kifaru, ananoa pembe yake kwenye kizingiti cha watu.

"Mjomba Tembo! Kulikoni?"

Msinitazame hivyo. Pimbi na Tembo ni ndugu kweli, ila mmoja alikua na mwingine akachoka njiani.

"Mpwa wangu, toa watoto, toa na vyombo," Tembo akasema. "Tunaupasua mwamba. Una dhahabu."

"Nani kasema?"

"Mimi! Nimekaa karibu na kambi ya wachimbaji siku tatu nzima. Sasa ni bingwa wa mawe."

"Siku tatu!" Kifaru akakoroma. "Mimi nimekaa wiki. Bingwa ni mimi."

Huyo ndiye Kifaru ambaye hata njia ya kwao huiona kwa kubahatisha.

Bi Pimbi akaubana mwiko wake wa uji. Kile kilichokuwa kinametameta alikijua vizuri: ulanga, vijiwe vyepesi kama magamba ya samaki, watoto wake huvichezea kila siku. Lakini awaambie? Bingwa wa siku tatu haambiliki, tena na mama mwenye mwiko mkononi. Akameza hofu yake, akapiga kigelegele.

"Hongereni, wakubwa! Basi mmeshaiosha?"

"Kuosha nini?" Tembo akauliza.

"Loo! Mabingwa hawajui kuosha?"

"Tunajua!" wakajibu wote wawili, upesi mno.

"Basi na mwiko wake mnaujua. Dhahabu ina maringo. Bingwa wa kweli akiizungusha ndani ya karai la maji, inatulia chini. Bingwa wa kujipachika akiizungusha, inamkimbia yote, anabaki anachekwa na vyura."

Tembo akatazama karai alilokuja nalo. "Hilo... hilo ndilo la kwanza kufundishwa."

"La kwanza kabisa," Kifaru akadakia.

Wakavunja kipande kidogo cha mwamba, wakakitwanga, twa! twa! hadi kikawa unga unaong'aa. Wakaenda kijitoni, kila mmoja na karai lake, Bi Pimbi nyuma yao. Wakapeana migongo, maana hakuna aliyetaka kuchunguliwa.

Chwaa, chwaa, chwaa! Tembo akazungusha. Ule mng'ao ukapanda juu ya maji, ukavuka ukingo wa karai, ukaenda zake. Akauzuia kwa mkonga, wapi! Upande wa pili Kifaru naye anazungusha, jasho linamtoka, karai linabaki na mchanga mweusi.

"Kwaa!" chura mmoja akasema.

Tembo akakohoa.

"Mwenzangu, mimi mwamba ule niliushuku tangu mwanzo."

Kifaru akashusha pumzi. "Kushuku tu? Mimi nilijua! Nilikuwa nakupima wewe."

"Na mimi nilikuwa nakupima wewe."

Wakayamwaga makarai haraka haraka.

"Kwa hiyo nisihamishe vyombo?" Bi Pimbi akauliza kwa upole.

"Uhamie wapi, mpwa? Akija mjinga yeyote na sururu, mwambie Tembo alishapima, hakuna kitu."

"Na Kifaru pia alipima!" Kifaru akapaza sauti.

Wakaondoka vifua mbele. Hatua chache tu, Tembo akarudi peke yake, akainama mpaka sikioni mwa Bi Pimbi.

"Mpwa wangu, kwenye karai langu... uliona kitu?"

"Nione nini, mjomba? Na mgongo wako ulivyo mpana!"

Tembo akacheka kwa furaha, akaenda.

Jioni, mtoto mkubwa akauliza, "Mama, ni kweli dhahabu humkimbia bingwa wa uongo?"

"Ule ni ulanga, mwanangu. Hata angeosha Simba, ungeelea."

"Mbona hukuwaambia?"

"Ningewaambia, tungebishana mpaka mwamba uishe. Sogea, mwachie mdogo wako nafasi alale."

Wakalala, wote watano, ndani ya ufa wao.

Nanyi mshike hili: anayeona haya kusema "sijui" hupelekwa popote na anayejua.