Gauni Lililokataa Sanduku

Wenzangu, nipeni masikio yenu, nami niwape ngano.

Mwanamize aliolewa amevaa gauni alilolishona mama yake siku chache kabla ya kufariki. Harusi ilipokwisha, akalikunja sandukuni. Asubuhi akalikuta limesimama mlangoni. Akampa jirani, likarudi. Akalizika shambani, likarudi halina hata chembe ya udongo. Mwanamize akachanganyikiwa.

"Ewe gauni, nikufanyeje?"

"Nivae twende kisimani."

"Kisimani na gauni la harusi? Watu watasemaje?"

"Mama yako hakujaliwa kukuona mke wa mtu. Anakutazama kupitia kwangu."

Mwanamize akalivaa, akaenda kuchota maji. Watu wakacheka. Hakujua acheke nao au alie, maana mikono asiyoiona ilikuwa ikimfunga vifungo mgongoni, kimoja kimoja, taratibu.

Akalivaa kila siku hadi likamchakalia mwilini, ndipo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akamlilia mama yake.